Sinia la Shaba Chini ya Gari

Tuliokuwamo ni hawa. Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, fundi wa malori ya karafuu pale Wete. Mkewe, mkaza mjomba, mtoto wa Micheweni. Bibi, mama yake mjomba, mwanamke wa kilo zake. Baba yake mkaza mjomba. Na mie, kigori mwenye masikio. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka la mbuzi wa jirani, lakini siyaandiki. Wajukuu wao wako hai na wana midomo.

Mjomba alisikia kwenye redio kwamba bara kuna mashindano ya magari, yanapita matopeni mvua ikinyesha, na anayefika mwanzo anapigiwa makofi. Akasema, "Sisi twaenda hivyo hivyo kununua samaki, na hatupigiwi makofi na mtu!" Alikuwa na kigari chakavu cha Kizungu. Tangu siku hiyo ikawa kukiendeleza.

Kwanza tumbo. Njia ya Micheweni ni mawe matupu, na kila safari jiwe lilitoboa bakuli la mafuta chini ya injini. Mjomba akatafuta kitu cha kulikinga. Bati akaliona laini, pipa akaliona zito. Akaingia jikoni akachukua sinia la shaba la mkewe, alilopewa na mamake siku ya harusi, akalitoboa matundu, akalifunga kwa bolti.

Mkaza mjomba alirudi kisimani, akalitafuta sinia, akaliona lilipo. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akanambia, "Mwambie mjomba wako gari limpikie." Akaenda kwao.

Haukupita muda baba yake akaleta salamu: sinia lirudi kwa mkono wa mume mwenyewe kabla ya Ijumaa, la sivyo aandike talaka.

Bibi akamwita mwanawe. "Lifungue sinia ukamrejeshe mtoto wa watu."

"Mama, nikilifungua gari halifiki Micheweni."

"Si upande lori?"

"Nipande lori kama gunia, na gari ninalo?"

"Basi mke utaozwa na fundi wa bolti!"

Mjomba alikonda, hakika, lakini akili yake ilikuwa chini ya gari. Akaongeza springi za lori, gari likanyanyuka. Ekzosi akaipandisha juu, ikapita dirishani, tukawa tunavuta moshi kama samaki wa kukausha. Kiti cha nyuma akakitupa, kizito. Akalijaribu kwenye mlima wa udongo mwekundu: matako ya gari yalikuwa mepesi mno, likageuka likatazama lilikotoka.

Akaja kwa bibi kwa adabu nyingi. "Mama, twende Micheweni kwa gari, wewe ukae nyuma."

"Kwa nini mie?"

Mjomba akatazama chini. Bibi akaelewa. "Mshenzi wewe! Nimekuzaa niwe gunia lako la mchanga?" Lakini alipanda. Alimpenda mkwewe kuliko mwanawe, na Alhamisi ilikuwa imefika.

Tukaenda. Bibi kwenye jamvi nyuma, mie mbele nimeshika mlango usije ukatuacha. Mlima tuliupanda, gari likishika udongo vizuri, bibi akimtukana dereva kwa kila kona. Kwenye mawe sinia likalia kama kengele mpaka mbuzi wa Micheweni wakakimbia.

Baba mkwe alitoka, mkaza mjomba nyuma yake. Mjomba hakusalimu vizuri, akaingia uvunguni na spana. Akatoka na sinia, limebonyea, matundu kila pembe, likinuka mafuta. Akampa mkewe kwa mikono miwili.

Mkaza mjomba akaliinua juani. "Nikupakulie mchuzi humu?"

"Hapana," akasema mjomba. "Ila njoo."

Baba mkwe akakohoa. "Na utarudi vipi, mkwe, bila sinia? Mawe hayajahama."

Mjomba akaitia spana mfukoni. Akasema, "Nitaliacha gari hapa. Tutapanda lori."

Mkaza mjomba akamtazama sana. Kisha akampa mamake, aliyekuwa mlangoni, lile sinia akawawekee kuku pumba, akanitoa mie kiti cha mbele. "Ondoka, mwanangu. Njia hii nimeipita kwa miguu tangu sijaota meno. Wewe bwana, shika usukani, mdomo niachie mie."

Tukarudi naye akipiga mayowe. "Jiwe kushoto! Shimo! Pole pole, kipofu we! Lile jeupe lipite kulia!" Mjomba akitii kama mtoto wa chuo cha Kurani, bibi nyuma akisema amin. Tumbo la gari halikuguswa mpaka Wete, na Ijumaa mkaza mjomba alipika nyumbani kwake, akapakua kwenye sahani za bati.

Hivyo ndivyo nikumbukavyo. Mtu wa Micheweni akijua nimechanganya, aje anisahihishe, nitamtilia chai. Watu wa Kiuyu, majirani zao wapenda ubishi, wanyamaze, hawakuwapo.