Jahazi Langu la Nchi Kavu

Nikipita sokoni Rumonge mpaka leo watu wananiwikia. Ndiyo, wananiwikia kama jogoo, kokorikoo, watu wazima wenye ndevu zao, na kuna mwanamke mmoja muuza mawese (jina lake nalijua, na la mama yake pia) ambaye husubiri nimpite kwanza ndipo awike, maana ulimi wangu hauogopi ila mkono wangu anauogopa. Sasa kwa kuwa kila mtu anasimulia habari hii anavyotaka yeye, na wengine wameitia chumvi mpaka hailiki, nimeona bora niisimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, wacha niibebe kwa kichwa changu.

Mimi ni Mama Sefu. Nilikaa kwa mwalimu wa Kurani mpaka nikajua herufi, nikaolewa, basi, elimu yangu ikaishia hapo, lakini mtu asije akaniambia sijui kitu. Nimejenga nyumba, nimezika mume, na mjukuu wangu Zaina nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki akiwa bado ananyonya, mpaka akawa binti ambaye akipita ufukweni vijana wanasahau walikuwa wanavuta wavu gani. Mmoja wa hao vijana ni Ramazani, mvuvi wa Minago. Kijana mzuri, sina neno naye, ila naye ana bibi, kama Zaina alivyo nami.

Bibi yake anaitwa Kashindi. Posa ilikuja, mahari ikakubaliwa, tukala, tukacheka, mpaka tulipofika kwenye swali la wapi watoto hao wawili watakaa. Kashindi akasema Minago, kwa mtumbwi wa mume. Mimi nikasema Rumonge, ziwa ni lile lile na samaki wa Rumonge hawaumi mtu, na Minago kwa mguu ni mwendo wa mchana kutwa, na magoti yangu si ya kwenda mchana kutwa. Zaina akienda nani ataniambia ugali wangu una mabonge? Yuko Mwavua, mke mwenzangu, tuliachwa wajane wa mume mmoja na bado tunakaa pamoja, lakini Mwavua hasemi kitu, yeye anakula na mabonge yake.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kashindi akasema, "Mama Sefu, sisi si watu wa kupigana. Harusi iko na ngoma. Chama chenu, chama chetu. Mwenye kushindwa anyamaze."

"Nimekubali," nikasema.

"Na mimi je?" Zaina akauliza kutoka jikoni. "Munanishindania kama kapu la samaki ndagala?"

"Nyamaza, mutoto, wakubwa wanaongea," tukamjibu mimi na Kashindi kwa pamoja, na hilo ndilo neno la mwisho tulilokubaliana mwaka ule.

Ngoma za wanawake wa huku mnazijua. Chama hakiji na ngoma na nyimbo tu, kinakuja na kitu kilichotengenezwa kwa mikono, cha karatasi na vijiti, cha kuwashangaza watu, na mwamuzi anasema nani kashinda. Safari hii mwamuzi alikuwa Sajini mmoja, Msudani, askari wa Wadachi, hao Wajerumani, aliyekuwa amekuja kutoka boma la Usumbura, na tulimchagua kwa sababu hakuwa ndugu wa mtu yeyote. Tukasikia watu wa Minago wanatengeneza meli, eti yenye moshi, kama ile ya Wadachi inayopita ziwani. Nikasema meli? Meli hata kuku wameiona. Mimi nitaleta kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, hata mimi mwenyewe.

Marehemu mume wangu alikuwa baharia wa majahazi ya Ujiji, na aliwahi kuniambia kwamba huko Ulaya kuna watu wanasimamisha tanga juu ya gari, upepo unalisukuma, nalo linakimbia mchangani bila punda wala mpagazi. (Mume wangu alikuwa mwongo, Mungu amrehemu, lakini siku hiyo alisema bila kukuna sikio.) Basi nikachora uani kwa kijiti jahazi lenyewe la nchi kavu, lile la kweli la kubeba watu: urefu mikono kumi na miwili, mlingoti mikono tisa, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na kila gurudumu mikono mitatu kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu nikatoa amri: kila mkono mmoja wa jahazi la kweli, kwenye karatasi ni vidole vinne. Ndivyo mume wangu alivyokuwa anachonga vijahazi vya kuchezea watoto, na kwa njia hiyo kidogo kinafanana na kikubwa kama mwana na baba.

Karatasi nilizipata dukani kwa Mwarabu, za kufungia sukari, za sabuni, na magazeti ya Kidachi. Gundi tulipika ya unga wa muhogo. Tukabandika karatasi juu ya karatasi, tukaanika, tukabandika tena, mpaka ubavu wa jahazi ukigongwa unalia kama mlango. Ekseli niliviringisha ya karatasi tupu, nikaipaka mawese izunguke vizuri. Tanga ndilo lililonipendeza zaidi: ukurasa mzima wa gazeti wenye picha ya mwanamume mwenye masharubu yaliyosimama kama pembe za ng'ombe. Sikumjua ni nani. Nilimchagua kwa sababu alionekana mtu anayefika anakokwenda.

Sasa hapa sikilizeni, maana ndipo mambo yalipoanza kuharibika na mimi nikitabasamu. Zaina alikuja na kamba ameifunga mafundo. "Bibi, tupime kwa hii, fundo moja mkono mmoja, wote tutapata sawa."

Nikamwambia, "Kamba? Nyumba hii unayolala nimeipima kwa mkono wangu, imeanguka?"

"Imeinama, Bibi."

"Imeinama kwa heshima. Peleka kamba ukafungie mbuzi."

Na kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha tukagawana kazi: mimi nikakata gurudumu la kulia na la mbele, Mwavua akakata la kushoto. Vidole kumi na viwili kila mmoja. Jamani, tazameni vidole vyangu: kila kimoja muhogo. Vya Mwavua ni ndagala, tena waliokauka. Jahazi liliposimama likalala kidogo upande wa kushoto, Zaina akaliona, akafungua mdomo, nikamwambia hayo ni madaha ya kike, akaufunga.

Siku yenyewe ikafika. Rumonge yote ufukweni, Minago yote imekuja, hata watu wa Kizuka wameacha michikichi yao. Ziwa liko upande wetu wa kulia, wageni wamekaa mikekani upande wa kushoto, Sajini katikati yao kwenye kigoda, viatu vyake viking'aa, na karibu yake wanawake wa Minago wameipakata meli yao. Na kweli ilikuwa inatoa moshi, wameweka kaa la moto ndani ya kifuu. Watu wakaipigia vigelegele. Kashindi akanitazama kwa yale meno yake. "Amahoro, mkwe. Hiyo kitu yako iko nini, kitanda?"

"Subiri upepo," nikamwambia.

Nikatandika kanga yangu ya juu mchangani, jahazi liondoke juu ya kanga kama bibi harusi. Kisha nikawaza, je, likikimbia sana likaingia ziwani? Nikalifunga kamba nyembamba (ile ile ya Zaina, mbuzi alikuwa haihitaji), na kwa kuwa nilitaka mikono yangu miwili iwe huru ya kupiga makofi, ule mwisho wa pili nikaufunga kwenye pindo la kanga niliyovaa. Na chini ya kanga hiyo, semeni nimewaambia mapema, nilikuwa nimevaa nguo ya ndani niliyoishona mwenyewe kwa merikani mpya, sehemu ile yenye muhuri wa kiwanda, jogoo mkubwa wa rangi ya bluu. Mwavua alikuwa ameniambia nimkate. Nikasema kitambaa kizima nikikate cha nini, kwani nani atamwona?

Upepo wa mchana ukaja kutoka ziwani. Yule mwanamume wa masharubu akavimba mashavu, jahazi likatikisika, likashuka kwenye kanga, likaenda. Wallahi likaenda! Lenyewe! Watu wakapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia, na mimi nikawa nakimbia pembeni yake nikipiga makofi na kuimba, "Kipimo cha nani? Kipimo changu!" Nilimwona Zaina anaruka kwa furaha, nikajua mtoto amebaki Rumonge, kesho ataniambia ugali una mabonge.

Hapo jahazi likaanza kupinda kushoto. Kidogo tu. "Linawasalimu wageni!" nikapaza sauti. Likapinda zaidi. "Linamsalimu Sajini!" nikasema, na moyoni nahesabu vidole vya Mwavua.

Sasa yule Sajini akalitazama tanga, akaona masharubu, akabadilika rangi. "Kaisari!" akasema, ndiye mfalme wa Wadachi, akaruka juu, kigoda kikaanguka, akabana miguu, akapiga saluti na kuganda. Nikamwambia, "Sajini, lizuie!" Akajibu kwa pembe ya mdomo, bila kutikisa kope, "Mama, siwezi kumkamata Kaisari." Jahazi likampita kwa kushoto, mimi na haraka yangu nikampita kwa kulia, kamba ikamshika miguuni, yeye hasogei, yuko katika saluti, nami ni mwanamke mzito nikishaanza kwenda sisimami ovyo.

Kanga ilibaki kwa Sajini, mimi nikaendelea.

Nilijua kwa upepo. Kisha nikajua kwa ukimya. Nikasimama, mgongo wangu kwa Rumonge yote, Minago yote, wakwe, masheikhe, na watu wa Kizuka, na jua la mchana likimpiga jogoo wangu wa bluu vizuri kabisa. Na katika ule ukimya mtu mmoja, sijui nani, nikimjua ataona, akawika.

Siwezi kuwaeleza kicheko kile. Mitumbwi iligeuka ziwani kuja kuangalia. Kanga ya juu iko kule nyuma mchangani, ya chini iko miguuni kwa serikali, na kila nikigeuka nimfiche jogoo upande mmoja, nawaonyesha upande wa pili. Mwavua, ambaye hasemi kitu, ndiyo siku aliyochagua kusema: "Nilikuambia umkate!"

Aliyekuja ni Kashindi. Alitembea polepole mbele za watu wote, akavua kanga yake ya juu, akanizungusha kiunoni, akaikaza fundo kwa mikono yake, akaniambia sikioni, "Jifunike, mkwe, jogoo wako atapata baridi." Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshukuru. Nikabaki nimeshika fundo.

Lakini mimi ni mimi. Nikamgeukia Sajini, nikamwambia, "Amua! Meli yao imekaa magotini kama mgonjwa. Jahazi langu limetembea lenyewe, watu wote wameona."

Sajini alikuwa anajitoa kamba miguuni. Akasema, "Limetembea, Mama. Kweli limetembea. Lakini angalia limekwenda wapi."

Nikaangalia. Jahazi langu la nchi kavu lilikuwa limeingia moja kwa moja kati ya wanawake wa Minago, limepanda juu ya mapaja yao, limelaza mlingoti wake kwenye meli yao kama mtoto aliyechoka.

"Limechagua lenyewe," akasema Sajini. "Minago."

Na hakuna aliyebisha, hata mimi, kwa maana ningebishaje nimevaa kanga ya Kashindi? (Yule Kaisari, Mwarabu aliniambia baadaye, hakuwa Kaisari hata kidogo, ni mtu wa tangazo la mafuta ya masharubu. Sajini alikwisha ondoka. Nikaona nimwachie saluti yake.)

Zaina aliondoka kwa mtumbwi. Kabla hajapanda alinikumbatia, akaniambia, "Bibi, ungeniuliza, ningekuambia nataka Minago. Lakini nitakuja kila mwezi mwandamo." Nikamwambia usiniharibie kilio changu. Na kweli amekuwa akija, na asipokuja naenda mimi, magoti na yote, na Kashindi ananitandikia mkeka kivulini na kuniuliza habari za jogoo.

Zaina alipojifungua nilikwenda kukaa naye. Kashindi akampima mtoto kwa vidole vyake, akatangaza urefu wake kama mtu anayetangaza mfalme. Nikampima mimi, nikapata mfupi zaidi. Tukaanza. Tukafika mbali. Zaina akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa ile kamba ya mafundo, akaiweka kati yetu. Nikaichukua mimi mwenyewe, nikampima mtoto kwa kamba, na mbele ya Kashindi nikaapa kwamba sitapima tena kitu chochote duniani kwa vidole vya wanawake wawili, na kwamba kitambaa chenye muhuri nitakikata.

Huyo mtoto sasa ametambaa, amesimama, anaanza kusema. Safari iliyopita niliposhuka kwenye mtumbwi pale Minago nilimwona amekaa mchangani na Kashindi, Kashindi anamnong'oneza kitu sikioni. Mtoto akaniona. Akanyoosha shingo, akafumba macho, akawika kwa nguvu zake zote.

Nifanye nini? Nilimwitikia.