Udongo wa Kaka Mkubwa

Miaka tisa nimechekecha udongo pamoja na Bi Udongo, na sijawahi kumwona akipokea sampuli bila ugomvi. Maabara yetu ni vyumba viwili. Mimi nakaa cha mbele na chekeche na trei za kukaushia, yeye yuko ndani na chupa zake na mashine ya kupima fosforasi. Lakini mkulima akiingia tu, huyo anatoka mwenyewe.

"Umebebea nini?" Hata salamu hajaitikia.

"Mfuko, mama."

"Mfuko wa nini?"

Akisikia mfuko wa mbolea, udongo unarudi na mwenyewe. Vumbi la mbolea likibaki kwenye mshono, mashine inasoma utajiri ambao shambani haupo. Mtu katoka mbali, kabadili magari mawili, yeye hajali. Anayebaki mlangoni kuomba radhi ni mimi, na kusema kweli nimechoka.

"Si uwaambie tu waongeze mbolea kidogo, mambo yaishe?" nilimwuliza siku moja.

Lo! Alinivuta mpaka dirishani akanionyesha bwawa. Zamani maji yale uliyaona mpaka chini. Sasa yamefunikwa na ukoko wa kijani, na ukikaa upande wa upepo unaziba pua.

"Mvua za siku hizi hazinyeshi, zinamwaga," alisema. "Mtu anatia mbolea asiyoihitaji, mvua ya saa moja inazoa udongo wa juu na mbolea yake, vyote vinaishia pale. Na mwenzake aliyeihitaji hakutia. Kubahatisha ndiko kulikotufikisha hapa. Haya, chekecha."

Basi msimu uliopita akaja kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Udongo wake ulikuwa kwenye bahasha safi ya kaki. Bi Udongo akaupokea kwa mikono miwili. Shikamoo kaka, karibu kaka, kiti hiki kaka, akamchemshia na chai. Swali la mfuko halikutoka. Nilimtazama, akanikata jicho. Kaka mkubwa hahojiwi kama mwizi wa kuku.

Mashine ikasema fosforasi imejaa tele. Akamwandikia: msimu huu usitie mbolea ya kupandia. Kaka akaondoka kifua mbele.

Wiki ya sita baada ya kupanda simu ikalia. "Mdogo wangu, mahindi yamevaa zambarau."

Tulikwenda wote. Ya jirani yalikuwa yanafika kiunoni. Yake yalikuwa hayajapita goti, majani zambarau kingo zote, dalili ya kukosa fosforasi. Bi Udongo aling'oa mche mmoja, mizizi myembamba kama uzi. Hapo ndipo alipouliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Kaka, ule udongo uliubebea nini?"

"Si bahasha?"

"Kutoka hapa shambani?"

"Aa, hapa niliutia kwenye mfuko wa mbolea niliokuwa nimeukung'uta vizuri. Nilipofika getini kwenu ndio nikauhamishia kwenye bahasha. Nakujua ulivyo mkali."

Nilitamani niwazabe vibao wote wawili, huyu kwa ujanja wake na yule kwa heshima zake. Shamba zima, chakula cha mwaka cha watu saba, kwa sababu ya swali la maneno mawili!

Bi Udongo alikuwa anamweleza kaka jinsi ya kufukia mboji na mbolea kidogo karibu na kila shina, kwamba yatainuka lakini si yote, jirani alipochungulia juu ya ua.

"Pole, mama. Ndugu yako katuambia ulimwandikia atie mbolea, akakaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Bi Udongo akamgeukia kaka yake. Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wakiacha kukuamini wewe watarudi kubahatisha," alinong'ona. "Mimi kuchekwa nimezoea."

Alilia palepale kati ya mistari ya mahindi, mwanamke ambaye huwaliza wenzake. Kisha akajifuta kwa kiganja chenye udongo na kumwambia jirani, "Hakukaidi. Alifuata nilichomwandikia. Ni mimi ambaye sikuuliza."

Kaka alivuna magunia manne kwenye shamba lililozoea kumi. Jirani alikwenda kusimulia kwamba mashine yetu ni mbovu, na miezi mitatu hatukupata udongo wowote kutoka upande ule.

Juzi, kabla ya kupanda, kaka mkubwa akarudi. Kwenye benchi walikuwapo watu sita. Bi Udongo akatoka, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, kaka. Umebebea nini?"

Benchi lote likageuza shingo.

"Marahaba. Ndoo. Nimeiosha mara mbili."

"Umeiosha kwa kutumia nini?"

"Kwa sabuni ya unga."

"Sabuni ya unga nayo huwa na fosforasi, kaka. Rudi ukachukue mwingine. Ndoo uisuuze kwa maji matupu."

Mzee alimtazama, akatazama lile benchi. Akachukua ndoo yake na kutoka, anacheka peke yake mpaka getini. Mimi nilibaki na chekeche mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sikumwomba mtu radhi.