Chipu za Shemeji wa Bosi

Katika miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye karakana moja ya Industrial Area jijini Nairobi, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo hata chai ya saa nne ilinukia sabuni. Tulikuwa tukitengeneza redio za mawasiliano za jeshi. Zililetwa zikiwa zimeharibika, tukazifungua, tukatoa chipu zilizoungua na kulehemu mpya, kisha lori la kijani likaja kuzirudisha kaskazini, karibu na mpaka. Huko sijawahi kufika. Nilijua tu kwamba jua lake ni kali na kwamba kuna wanajeshi wanaotegemea redio hizo kuita msaada.

Kisha redio zikaanza kurudi.

Siku moja alikuja meja mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akaweka redio juu ya meza yangu.

"Hii mlinipa ikiwa nzima," alisema. "Imezimika doria ikiwa njiani. Watu wangu wameshinda kutwa nzima bila kusikika."

Niliiwasha. Ikaongea vizuri kabisa. Meja alitutazama mmoja mmoja.

"Hapa inaongea, kule inanyamaza. Kuna mtu humu ndani anajua kwa nini."

Tangu hapo hatukuwa watu wale wale. Bosi alimwambia bawabu atupekue mikoba asubuhi na jioni. Tuliokuwa tukila pamoja, kila mmoja akaanza kula kwenye meza yake. Nilimshuku bawabu, nikamshuku hata mama aliyetuletea mandazi. Ila niliyemshuku zaidi alikuwa fundi wa meza ya pili, ambaye pia alikuwa jirani yangu kule Kayole. Tulipanga ploti moja, yeye na mkewe orofa ya juu, mimi chini yao. Alitoka Ukambani, mtoto wa mchonga vinyago, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya baba yake. Kilichonisumbua ni hiki: redio alizotengeneza yeye hazikurudi. Zangu zilirudi, za wenzetu zilirudi, zake hapana. Mtu akiwa ni yeye peke yake anayepona, unajiuliza kama si yeye anayejua kinachoua wengine. Halafu nilikuwa nimemwona akifunga kiganja kila alipotoka stoo, kama anayeficha kitu.

Jumamosi moja alasiri nilipanda juu ya paa kuanika nguo. Nyuma ya tangi la maji nikamkuta amechuchumaa kando ya jiko la makaa. Mbele yake palikuwa na kibao kidogo cha saketi kilichounganishwa na betri, na juu ya gazeti zilipangwa chipu mpya nilizozijua.

"Jirani, hizo si za kazini?"

Sikutegemea atulie vile. "Ni za kazini, dada. Sogea usikie."

Kibao kilikuwa kikilia sauti nyembamba, mfululizo. Akakisukuma kwa kijiti hadi karibu na makaa. Sauti ikakwaruza, ikakatika. Akakivuta nyuma, akakipepea kwa gazeti, na baada ya muda kikaanza kulia tena.

"Zimeandikwa za jeshi," alisema, "lakini ni za redio ya kawaida ya sebuleni. Baridi ya Nairobi haizisumbui. Joto la kule linazizima."

Alilowesha pamba kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, akasugua mgongo wa chipu moja. Maandishi meupe yakatoka pamoja na rangi nyeusi, na chini yake nikaona nambari nyingine kabisa.

"Na zako mbona hazirudi?"

"Nanunua bodi kuukuu za redio za jeshi kwa wauza skrepu, wale wa vyuma chakavu. Natoa chipu zake, naziweka badala ya hizi."

"Kwa nini usimwambie bosi?"

"Anayezileta ni nani, dada?"

Aliyezileta alikuwa shemeji wa bosi. Aliingia kwa mlango wa mbele na katoni zilizofungwa vizuri, akasalimiwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyewahi kuuliza ametoka nazo wapi.

Hata hivyo sikumwamini jirani moja kwa moja. Huenda zile alizosugua alizipaka rangi mwenyewe. Jumatatu nilichagua katoni ambayo haijaguswa, nikaifungua kwa mkono wangu, nikaingia chooni na chipu moja na pamba yenye thina. Maandishi yakafutika. Nilisimama pale nikisikia bosi akicheka na mtu kwenye simu, nikajiuliza kama anajua, na kama anajua, atanifanya nini.

Meja aliporudi na redio nyingine, nilimwambia, "Afande, naomba uone kitu." Bosi alinikata, akasema nirudi mezani kwangu. Meja akainua mkono. "Mwache mama aongee."

Nilisugua chipu mbele yake. Jirani sikumtaja. Meja aliichukua, akaipeleka dirishani, akaitazama mwenyewe kwa lenzi. Bosi aliapa kwamba hata yeye ametapeliwa. Kama ni kweli, sijui hadi leo.

"Na zile redio ambazo hazirudi," meja aliuliza, "zina chipu gani?"

Kisha jirani akasimama.

"Zangu, afande. Nilizitoa kwenye skrepu. Zinafanya kazi."

Nilitegemea atashukuriwa. Meja alimtazama bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Hizi mbovu sasa nazijua," alisema. "Zako sizijui. Kabla hazijafika kwa huyo muuza skrepu, zilishikwa na nani? Siwezi kupeleka mtu mpakani na kitu ambacho sijui kimepita mikono ya nani."

Shemeji hakuonekana tena. Chipu zikawa zinaletwa na askari, katika visanduku vyenye lakiri, na askari huyo alisubiri tulehemu hadi ya mwisho. Jirani alifukuzwa wiki hiyo hiyo, kwa amri ya bosi, kwa sababu ya zile chipu za skrepu. Alifungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni kando ya Spine Road, na tulipokutana alinisalimia kama kawaida: "Habari ya kazi, dada?"

Mkewe ndiye aliyebadilika. Jumapili moja baada ya kanisa alinisimamisha kwenye geti la ploti.

"Wewe ulipoenda kwa huyo afande, ulijua watamfukuza mume wangu?"

"Sikujua. Hata jina lake sikulitaja."

"Lakini wewe bado una kazi."

Alinitazama machoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akashika ngazi akapanda kwake. Tuliishi ploti ile miaka mingine kadhaa, na salamu yake haikuvuka neno moja.