Kreni Iliyochungulia Uani

Dada yangu anapiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Ukiwa mgeni wa Unguja unaweza kudhani hiyo ni nusu ya kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Upande wa wanaume kuna nini? Watu wamekaa kwenye mikeka na kanzu zao, sheikh anasoma, bwana harusi anatoka jasho, biriani inaletwa, basi. Mambo yako uani. Huko mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, na mama ambaye barabarani hata kucheka hacheki anashuka na kiuno mpaka chini huku wenzake wakimpigia vigelegele. Mlangoni huwekwa shangazi mmoja mkali mwenye kikapu, anakusanya simu kama anayekusanya visu. Simu haipiti. Kamera ya dada yangu inapita.

Inapita kwa sababu dada hatoki kwenye nyumba ya watu na sura za watu. Shughuli ikisha, anatoa kadi kwenye kamera, anampa mama wa biharusi mkononi. Akitaka kuipanga video vizuri, anarudi siku ya pili na kompyuta yake, anafanyia kazi pale pale sebuleni, mama mtu yuko ubavuni anakunywa chai na kutoa amri: "Hapo nnaonekana mnene, kata." Mie nipo kidato cha tatu, na baada ya skuli ndiye mpagazi wake. Nabeba mabegi na stendi na taa mpaka mlango wa ndani, naweka, naondoka.

Shida ya dada ilikuwa picha za juu. Alitaka biharusi aonekane kutokea juu, taratibu, na shungi lake na mikono yake yenye maua ya piko, kamera ikiteremka kama unyoya. Kwa kuwa hana mabawa, akapanda kigoda. Kigoda kikateleza. Dada akakaa juu ya sinia la katlesi. Ile video mama wa biharusi alikataa isikatwe hata kidogo: dari, dari, dari, kisha bibi mmoja anacheka mpaka anaomba maji.

Ndipo akasema, "Nnataka kreni."

Kreni ya kamera ni mkono mrefu wa chuma unaokaa juu ya stendi kama pembea ya watoto. Huku kamera, huku vyuma vya uzito. Ukibonyeza mkia, kamera inapaa; ukiuachia pole pole, inashuka. Kuna fundi mmoja karibu na Darajani anayekodisha vyombo vya video, na yeye alikuwa nazo mbili. Ya kwanza fupi, inakunjwa, mtu mmoja anaibeba begani. Ya pili ndefu kama mnazi uliolala, na kwenye mkia ina kiskrini ili anayeiendesha aone inachokiona kamera huko juu.

Niliipenda ile ndefu kabla hata fundi hajamaliza kusema bismillahi.

Dukani kwake hapakuwa na nafasi ya kuzijaribu, ukinyoosha mkono unagusa kuta zote mbili. Tukazipakia zote kwenye mkokoteni mpaka Forodhani, baada ya alasiri, wauza mishikaki wakiwa bado wanapanga meza zao. Tukaanza na fupi. Dada anatazama picha, mie naendesha. Ilipanda vizuri, ikashuka vizuri. Nikamuona dada anatingisha kichwa kwa kuridhika, na nikaona ndefu yangu inarudi kwenye mkokoteni bila hata kusimama mara moja.

Fundi alikuwa ameondoka kidogo kufuata maji ya miwa. Nikaweka mguu kwenye stendi. Nikaitikisa. Kidogo tu, kama mtu anayekumbuka wimbo.

"Mbona inatetemeka?" dada akauliza.

"Ndo zilivyo hizi fupi."

"Hebu tena."

Tena, na mguu tena.

Tulipofika kwenye ndefu nilisimama kama niko kwenye sala. Haikutikisika hata unywele. Ikapaa juu ya meza za mishikaki, juu ya miti, ikawatazama watoto wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Dada akacheka peke yake. Muuza pweza mmoja akapiga kelele, "We kijana, huko juu pana wateja?" Nikamjibu, "Wapo, lakini wote wanataka bure!" Watu wakacheka. Dada akachukua ndefu. Mie nikajiona nimefanya utani mtamu kabisa, ambao siku moja ningemsimulia na yeye angenipiga kofi la mgongo, yakaisha.

Harusi yenyewe ilikuwa Uroa. Hapo ndipo tulipogundua alichokuwa anajua fundi: kreni ndefu haiingii uani. Wanawake tele, masufuria juu ya mafiga, kamba za nguo, turubai limefungwa chini chini kuzuia jua. Wasichana wawili wa nyumba ile walipojaribu kuuinua ule mkono, uligonga turubai, likabonyea, na maji ya mvua ya asubuhi yakawamwagikia watu waliokwishajipaka wanja. Dada akaitoa nje. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibika kwa kitu ambacho hakukifanya.

"Basi kaa nayo huku kwa wanaume," akaniambia. "Mchukue bwana harusi anavyokuja, chukua na ndoa ikifungwa, halafu ilaze. Isipite ua."

"Isipite ua."

"Umesikia, au unaitikia tu?"

"Naam, Bi Mkubwa. Nshasikia."

Akarudi ndani na kamera ya mkononi, na mikono yake ile ile.

Nilimchukua bwana harusi, nilichukua ndoa, na bila kujisifu nilichukua vizuri. Masinia yakaja, wanaume wakainamia biriani. Wakabaki vijana wa rika langu wamenizunguka.

"Twiga wako huyo anaona mpaka wapi?"

"Mpaka Chwaka."

"Muongo!"

"Naona mtu kule anakula mkate wa mofa. Meno hana."

"Hebu mpandishe tuone, acha maneno."

Nikabonyeza mkia. Mkono ukapanda, vijana wakashangilia, na upepo wa pwani ukaukamata huko juu kama unavyokamata nguo kwenye kamba. Ukazunguka. Ukapita juu ya ua wa makuti, kamera ikaangalia chini.

Hapo ningeweza kuuvuta. Huwa nasimulia kwamba upepo ulinishinda, na ni kweli ulinishinda, lakini si mara ile ile. Kwanza nilitazama kiskrini.

Nilimuona biharusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, nje ya turubai, shungi limevuliwa, viatu vimevuliwa, nywele zimemwagika mabegani, na mwanamke mmoja anamlisha tonge kwa mkono. Mdomo umejaa. Alikuwa anacheka na wali. Kisha akainua macho, akanitazama moja kwa moja, na kile kicheko kikaganda usoni kabla hakijajua pa kwenda.

Halafu sauti. Vigelegele navijua, ile ilikuwa sauti nyingine. "Kamera! Kamera ya wanaume!" Kanga zikaruka. Mtu mwenye shabaha akarusha upawa, ukaipata kamera barabara. Nilipofanikiwa kuushusha mkono, kamera ilikuwa inanuka mchuzi na taa yake nyekundu inawaka bado. Ilikuwa inarekodi tangu bwana harusi alipofika.

Dada alitoka bila viatu, buibui kalivaa nje ndani. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

"Toa kadi."

Nikaitoa. Akaenda nayo mpaka kwenye mlango wa ua, akampa mama wa biharusi. Mama mtu aliipokea kwa ncha za vidole viwili. Ndani ya kadi ile ilikuwamo ndoa nzima, sheikh, mashahidi, baba wa bwana harusi anavyofuta machozi. Yote yalikwenda. Dada hakuomba hata dakika moja ya kuitoa nakala.

Siku ya pili tukarudisha kreni na kamera yake. Fundi akaukagua mkono, akanusa kamera, akauliza, "Uani ulichukua hili dude la uwanjani kwa nini? Ya ndani si ile fupi?"

"Fupi inatetemeka," dada akasema.

"Yangu mie? Itetemeke?" Aliingiwa na hamaki kama ametukaniwa mama. Akaisimamisha ile fupi pale pale mlangoni, pahala pa kamera akaweka kikombe chake cha kahawa kimejaa, akakipandisha mpaka kwenye boriti na kukishusha. Hakikumwagika tone.

Dada alikitazama kile kikombe. Kisha akatazama miguu yangu. Uso wangu hakuutazama kabisa.

Vichochoroni alitembea mbele. Nikajaribu utani, nikasema angalau Uroa watatukumbuka. Ukuta ungecheka zaidi. Tulipofika mlangoni kwetu akauliza bila kugeuka:

"Uliitikisa?"

"Nilitania tu, dada."

"Mie nakula kwa kuaminiwa, unajua hilo? Nikikosa kuaminiwa, hii kamera ni chuma."

Na kuaminiwa kwenyewe kulikuwa kumeshaanza kuondoka. Kuna mama aliyekuwa ameshamtaka kwa harusi ya binti yake. Akapiga simu, sauti tamu kupita kiasi, kusema "tutakwambia". Mwengine hakupiga kabisa. Wanawake wa kisiwa hiki hawahitaji gazeti. Dada akaona hakuna njia ila kwenda mwenyewe Uroa kuomba radhi, na akaniburuta.

Tulikaribishwa sebuleni, mie nikakaa karibu na mlango. Walikuwepo mama wa biharusi na bibi yake. Biharusi mwenyewe nyuma ya pazia la chumbani. Tukasema shikamoo, wakaitika marahaba. Dada akaomba radhi kwa maneno ambayo nilitamani yawe yananihusu mimi waziwazi, kwani yalikuwa mazito na yeye ni mwembamba.

"Dude lile alikuchagulia nani?" mama mtu akauliza.

"Nilichagua mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga kidole, kwa nguvu, bila kunitazama. Nilielewa baada ya muda. Akisema kwamba vyombo vyake vya uani vinachaguliwa na kijana wa kiume, ndo kabisa amekwisha. Kwa hiyo hata kukiri nilinyimwa. Nikabaki na neno langu mdomoni kama tonge lisilomezeka.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mie nnataka kujua kitu kimoja tu. Nani aliniona?"

Wote wakageuka kwangu.

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu. Kiskrini kilikuwa upande wangu, wengine walikuwa wanautazama mkono huko juu. Wallahi."

"Uliona nini?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari: niliona turubai na masufuria. Nna uongo wa kila aina, hauhitaji hata kupashwa moto. Lakini niliukumbuka ule uso.

"Nilikuona unakula."

Nyuma ya pazia pua ikavutwa. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikuwa na haki ya kuuliza.

"Alhamdulillahi," mama mtu akasema, akishusha pumzi. "Mwenyewe ni mtoto tu. Mtoto akiona hakujaharibika kitu."

Nikamuona dada naye anashusha mabega. Ilikuwa imekwisha. Kumbe bibi hajamaliza.

"Mtoto? Hebu sogea kwenye mwanga, mjukuu wangu."

Nikasogea. Akanitazama juu ya mdomo, pale ambapo skuli nzima nawaonesha watu masharubu yangu na wananiambia ni moshi. Siku ile niliomba iwe moshi.

"Msikitini unasimama safu gani? Ya watoto, au na wanaume?"

Niliielewa hesabu yake. Neno moja lingewapunguzia wote watatu mzigo, na dada pia. Lakini Ijumaa mtaa mzima unaniona.

"Na wanaume, bibi."

Tangu tulipoingia, kanga yake ilikuwa imelala mabegani na mvi zake ziko wazi, kwa kuwa nyumbani alikuwa na wanawake wenziwe na mtoto wa watu. Akainyanyua. Pole pole, bila hasira, akajifunika kichwa mpaka kwenye paji la uso. Mama mtu akamtazama, naye akajifunika. Nikajikuta natazama mkeka.

"Dada yako tutamwita," bibi akasema. "Kwa mjukuu wangu mdogo tutamwita, kazi yake tunaijua. Lakini wewe, baba, mizigo iache barabarani."

Ndivyo ilivyo sasa, na si Uroa tu, habari ilishafika mjini kabla yetu. Dada anachukua ile kreni fupi. Naisukuma kwa mkokoteni mpaka pembeni ya kichochoro, nasimama. Anaitia begani mwenyewe, mkono wa pili vyuma vya uzito, begi la kamera linamning'inia shingoni, anaingia mlangoni kwa ubavu kwa sababu ukiwa na mizigo yote ile huwezi kuingia kwa uso. Siku moja alijigonga kwenye kizingiti. Nikapiga hatua moja mbele, yule shangazi wa kikapu akanitazama, nikairudisha hatua yangu.

Nyumbani dada huwa anajikanda mabega kwa mafuta ya nazi. Hajamwambia mtu kuhusu mguu wangu, hata mama.