Mwaka Babu Alipochimba Lambo Mara ya Pili

Desemba iliyopita nilirudi Bariadi kumsalimia shangazi. Nilimkuta uani anaosha viazi vitamu bombani, simu kaibana kati ya sikio na bega, maji yanamwagika tu. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimesogea na kufunga koki. Shangazi alikata simu, akanitazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe! Baba alikuharibu kabisa."

Ni kweli, babu, baba yake, aliniharibu. Na kwa kuwa tumekaa, acha nikusimulie alivyoniharibu.

Nilipelekwa kuishi kwa babu nikiwa darasa la pili. Alikuwa mfugaji, na boma lake lilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini, kwenye mbuga ya udongo mweusi. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuyafanyia mzaha: sala na maji. Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, alitukusanya pembeni mwa zizi tuombe, huku harufu ya samadi na maziwa mabichi ikitupanda puani. Aliwaombea ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, na bibi alikuwa akinong'ona kwamba Mungu naye siku moja ataomba kupumzika. Kunawa uso ilikuwa kikombe kimoja. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mpapai. "Mvua ni mgeni," babu alikuwa akisema. "Usipomkaribisha, atalala kwa jirani."

Kiangazi sisi wasichana tulikwenda mtoni kuchimba mchanga mkavu, tukakaa kuzunguka shimo tukisubiri maji yachuruzike, tukayachota kwa kibuyu. Ng'ombe walikwenda mbali zaidi yetu, na wengine hawakurudi. Ndipo babu alipoamua kuziba kwa tuta la udongo korongo lililopita nyuma ya boma, apate lambo la kutunza maji ya mvua.

Alichimba na wanawe na maksai wake kiangazi kizima. Tulikuwa na jirani, mwenye ng'ombe wengi kuliko babu, asiyekwenda kanisani. Yeye imani yake ilikuwa kwa mganga wa mvua. Kila alipopita jioni alisimama juu ya korongo, akasalimia Kisukuma.

"Mwadila, mzee. Hilo kaburi ni la nani?"

"Mwadila. La kiu," babu alijibu bila kuinua kichwa.

Mvua zikaja. Alasiri moja lambo likajaa, tukacheza kwenye matope mpaka bibi akatufukuza. Kabla jua halijazama tulisikia kishindo kama cha lori linalomwaga mawe. Tuta lilikuwa limebomoka. Tulimkuta babu amesimama kwenye tope hadi magotini, maji yote yamekwenda. Jirani naye alikuwa amefika.

"Mzee, ulimwomba Mungu wako maji. Amekupa yote kwa mara moja."

Tulimtazama babu. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka mabega yakatikisika. "Ni kweli," akasema. "Nilimwomba maji. Nilisahau kumwomba akili."

Masika yale yote alitembea juu na chini ya korongo akiyaangalia maji yanavyopita. Akagundua kosa lake: hakuwa ameyaachia mlango. Maji ya ziada yanahitaji pa kutokea, yasipopata yanajitobolea yenyewe. Akagundua pia kwamba kazi ile ilihitaji mikono mingi, na udongo ushindiliwe kweli kweli. Kiangazi kilipoanza akaita wacheza bugobogobo, wale vijana wanaolima kwa ngoma.

Kanisa likachafuka. Mwinjilisti alikuja nyumbani, akakataa hata kukaa.

"Mzee wa kanisa unaita ngoma?"

"Niletee wanakwaya ishirini wenye majembe, Mwinjilisti, hawa nitawarudisha leo hii."

Mwinjilisti aliondoka bila kuaga. Lakini asubuhi ya kazi tulimwona anakuja peke yake, suruali kaikunja, jembe begani. Babu alimpokea kwa mikono miwili, hakumtania hata kidogo.

Natamani ungekuwepo siku zile. Babu alichinja dume lake jeupe, lile alilokuwa akilitaja la kwanza kwenye sala. Bibi na shangazi walisonga ugali wa mtama kwenye masufuria ya msibani, na sisi watoto tulipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma zenyewe. Vijana walirusha majembe juu, yakazunguka angani, wakayadaka, yakashuka yote kwa kishindo kimoja. Mwinjilisti alijaribu kurusha la kwake, likaanguka karibu na mguu wa bibi. Sisi wasichana tulishika mikono, tukakanyaga udongo wa tuta kwa mdundo ule ule, huku maksai wakipita nyuma yetu.

Mvua ziliporudi tulisimama wote juu ya tuta, tumelowa chapachapa. Maji yakapanda, yakaukuta mlango wake, yakatoka taratibu kama watu wanaotoka ibadani. Babu akavua kofia.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa, ila lambo letu lilikuwa bado na maji. Mchana mmoja jirani alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa, hasalimii, hasogei. Nyuma yake ng'ombe wake walikuwa mifupa inayotembea.

"Mwache asimame," bibi akasema. "Akanyweshe kwa mganga wake."

Babu alinipa kikombe cha maji, tukatoka pamoja. Jirani akanywa hadi tone la mwisho.

"Nimekuja na aibu, mzee."

"Aibu hainyweshi ng'ombe. Walete. Ila hakuna kwato itakayogusa lambo langu. Chota kwa ndoo, umimine kwenye birika la kunyweshea."

Babu akaomba kwanza, kama kawaida yake. Jirani hakujua afanye nini na kofia yake, akanipa mimi niishike. Kisha yule tajiri wa ng'ombe alichota ndoo baada ya ndoo mpaka jua likashuka, na babu, mzee kuliko yeye, akichota upande wa pili. Bibi alivumilia, alivumilia, mwisho akawaletea maziwa ya mgando.

Babu alifariki nikiwa chuoni. Jirani, ambaye hajabatizwa mpaka leo, aliomba kusema neno kaburini. "Mungu wa mzee huyu sijamwona," alisema. "Maji yake nimekunywa." Mwinjilisti alisema baadaye kwamba hapo yeye alifunga daftari la mahubiri yake.

Sasa bomba limefika, na lambo limejaa mchanga kwa sababu hakuna anayelizibua. Bugobogobo bado ipo, inachezwa wakija wageni wa serikali, kwa majembe yaliyopakwa rangi ambayo hayajawahi kugusa ardhi. Watoto wa shangazi hawajui kiu ya mbugani, nami nafurahi hawaijui. Lakini hawajui pia ilivyokuwa kusimama mvuani, umeshikana mikono na watu wote unaowapenda, mkiyatazama maji yanapanda, na hakuna mmoja wenu anayetaka kurudi ndani.