Povu Mbele ya Geti

Ofisini walimwita Kidole, na hakununa. Wenzake wa idara ya barabara walipima udongo kwa mashine. Yeye pia alitumia mashine, ila kwanza lazima achomeke kidole gumba ardhini, kisha akinuse. Mwanamke mzima, cheti chake kimetundikwa ukutani, ananusa udongo mbele za watu! Ukimuuliza anatafuta nini, anakujibu, "Sijui bado," na macho yanamng'aa.

Safari hii alipewa barabara ya mtaa anakoishi kaka yake. Kazi yake ilikuwa kuchagua: lami au zege. Lami ingewekwa mwaka huu huu. Zege lingesubiri bajeti, na kusubiri kwa ofisi ile kulijulikana. Waliosubiri daraja walishaota mvi. Wifi yake, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alishawaapia majirani kwamba lami inakuja.

"Wifi, usiniaibishe," alimwambia akimmiminia chai. "Mwenzio nimeshatoa ahadi."

"Lami ni shuka tu, wifi. Kitanda kikioza, shuka litasaidia nini?"

Na kitanda kilioza kweli. Mbele ya geti la kaka yake palikuwa na sehemu iliyobonyea kila mwaka. Ikijazwa kifusi, inabonyea tena. Lami ikiwekwa juu ya tope lile ingepasuka kabla watu hawajamaliza kuisifia. Zege lingehimili. Mwingine angeandika zege akaenda zake kula, lakini Kidole hakuweza. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi, na kwingine kote barabara ilikuwa kavu. Sasa maji yanatoka wapi? Swali hilo lilimwasha kama upupu.

Vibarua wakamchimbia shimo. Akachuchumaa, akachomeka kidole, akanusa. Sabuni!

Akainua macho polepole kulitazama geti. Kisha akaingia ndani mbio.

"Wifi, koroga sabuni ya unga kwenye ndoo, ukaimwage bafuni. Yote."

"Umeanza kuchanganyikiwa?"

"Wewe mwaga tu!"

Akarudi kwenye shimo. Akangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo ukuta wa shimo, upande wa nyumba, ukaanza kutoa povu, jeupe, likibubujika taratibu. Kidole akapiga makofi kwa furaha. Halafu akakumbuka bafu lile ni la nani, na furaha ikamwishia.

Kaka yake alikuwa fundi ujenzi. Vigae vya bafu lile alivipanga kwa mikono yake, na mgeni alionyeshwa bafu kabla hajapewa kiti. Sasa alisimama juu ya shimo pamoja na mkewe, akalitazama povu.

"Bomba lilikuwa na ufa," akasema kwa sauti ya chini. "Niliuona nikipanga vigae. Nikajipa moyo kwamba utajiziba."

Kidole alimhurumia. "Kaka, naweza kuandika zege. Ardhi ni dhaifu, huo si uongo. Hakuna atakayeuliza."

"Zege mpaka lini?" wifi akauliza.

"Sijui. Pengine mpaka wanao waoe."

Kaka mtu akageuka, akaingia ndani. Baada ya muda wakasikia nyundo, na vigae vikivunjika.

Wiki kadhaa baadaye Kidole alirudi. Bomba jipya lilikuwa limeshafukiwa, lakini bafu lilikuwa bado magofu. Wifi alikuwa akimwogesha mwanawe wa mwisho kwenye beseni nje ya geti, na wapita njia wakicheka.

"Chekeni tu!" akawapigia kelele. "Lami yenu ndiyo inatuogesha nje!"

"Na maji hayo usiyamwage hapo, wifi!" Kidole akadakia.

Akachuchumaa palepale palipokuwa na tope, akachomeka kidole gumba. Hakikuingia. Akasukuma kwa nguvu zote, kucha ikakatika. Akaitazama, akacheka peke yake, kisha akatoa kalamu na kuandika: lami.