Karata za Mama Masika

Siku yangu ya kwanza kazini, ufukoni Kituku, msimamizi alinipa ndoo ya klorini na bomba la sindano lisilo na chuma. Niliogopa, maana masomo yangu yaliishia darasa la sita. Akacheka.

"Papa, hauchome mutu. Unachoma bidon tu!"

Kazi ilikuwa hiyo. Mtu akichota maji ya ziwa, nilivuta dawa hadi kwenye alama, nikaitia ndani ya bidoni, dumu lake la maji, naye akangoja nusu saa kabla ya kunywa. Wamama waliokumbuka kipindupindu cha zamani walisimama mpaka tone la mwisho liingie. Vijana walikimbia.

"Papa Chlore, maji yako inanuka!"

"Kunywa bila kunusa!"

Ebola ilipokuja nilihamishiwa kwenye kizuizi cha barabara, nikipima joto la wasafiri kwa thermoflash, kipimajoto kinachoelekezwa usoni kama bastola. Kisha ikaja corona, nikawekwa mlangoni mwa soko, kwenye ndoo ya kunawia mikono.

"Mwenye hajanawa asiingie," alisema msimamizi mpya, "hata akiwa bibi yako."

"Bibi yangu hatoki, chef," nilimjibu juu ya mke wangu. "Analinda wajukuu."

Niliondoka kila asubuhi. Nikirudi nilikula peke yangu uani, nikihofia kuwaletea ugonjwa. Mke wangu, Mama Masika, alifariki miezi ileile. Tulimzika watu wachache, bila matanga, bila kushikana mikono.

Nilipostaafu, siku moja mjukuu wangu Kavira, ambaye babu na bibi wote huwaita Koko, aliniambia tukinawa kabla ya chakula, "Koko, corona ilikuwaga muzuri."

Nilikasirika. "Muzuri namna gani? Koko yako alikufa!"

"Ninajua. Lakini kabla akufe masomo ilifungwa, tukakuwa naye kila siku. Alikuwaga anaiba kwenye karata!"

"Mama Masika? Yule wa kwaya?"

"Alificha karata chini ya kikwembe yake ya kujifunga kiunoni!"

Nilicheka hadi machozi. Katika ndoa yetu yote sikujua kama anacheza karata. Nilinawisha soko zima, na miezi yake ya mwisho ikanipita. Miezi hiyo wanayo watoto hawa. Nilitaka kuwasahihisha, kumbe mimi ndiye ambaye sikuwepo.

Sasa kila Jumapili nawaomba wanisimulie, na tunacheza. Jana nilijaribu kuficha karata chini ya goti. Wakanikamata mara moja.

"Koko mwanamuke alikupita mbali," akasema Kavira, akagawa upya.